Haki ya Baba, Surua Yangu

Nimeandika haya kwa ajili ya yule mwanamke aliyeketi mwisho wa benchi hospitalini, ambaye wenzake wamewasogeza watoto wao na kumwachia nafasi kubwa bila yeye kuomba. Benchi hiyo naijua, nimeikalia. Watu wakikutazama hivyo, tazama ukutani. Jina lako likiitwa, inuka polepole kwa sababu kichwa kitazunguka.

Mimi niliugua surua nikiwa mtu mzima, mwalimu wa chekechea, mjamzito wa miezi sita. Nikisema hivyo watu hucheka kwanza. Surua si ya watoto, tichaa? Wewe ulikuwa unatafuta nini huko? Swali zuri sana. Nilikuwa nikilipia haki ya baba yangu. Neno hilo haki siku hizi utalisikia kila mahali, hasa kwa watu ambao ngozi yao haijawahi kubambuka kwa sababu ya haki ya mtu mwingine.

Naitwa Akello. Kwetu Waluo jina hilo hupewa msichana anayefuata mapacha. Pacha wa kike anayetangulia kutoka huitwa Apiyo, wa pili Adongo, na atakayezaliwa baada yao ni Akello. Dada yangu Adongo yupo, ana watoto wakubwa, na jicho lake la kushoto lina doa jeupe ambalo sote tuliambiwa lilidonolewa na kuku. Apiyo hayupo. Niliambiwa alizaliwa akiwa mnyonge na hakukaa. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema kitu, na mtoto mwenye adabu haulizi. Kwa hiyo nilikua nikiitwa jina linalotangaza mapacha, katika nyumba yenye pacha mmoja, na wala sikuona ajabu.

Nyumbani ni upande wa Rangwe, si mbali na Asumbi, kaunti ya Homa Bay. Baba yangu, ambaye watu humwita Baba Ochieng kwa jina la kaka yangu mkubwa, ni mzee wa kanisa dogo ambalo waumini wake wote wanatosha chini ya paa moja la mabati. Kanisa hilo halitaki sindano wala vidonge. Damu ya mtoto ni ya Mungu, husema, na serikali isiiguse. Ngiri ilipomshika baba mwenyewe akashindwa hata kukaa, Mungu alitoa ruhusa ya dharura. Alipasuliwa hospitalini Homa Bay, akashonwa, akadungwa sindano asubuhi na jioni, na akarudi nyumbani na ushuhuda kwamba ameponywa kwa maombi. Waumini wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimembebea uji wodini, kwa hiyo nilijua maombi hayo yalipitia mshipa gani.

Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, kampeni ya chanjo ya surua ilifika shuleni kwetu. Kila mtoto aliyechanjwa alipakwa wino mweusi kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili asirudi kwenye foleni mara ya pili. Baba alikwenda sokoni akanunua ile kalamu nene ambayo wachuuzi huandikia magunia. Asubuhi alitupanga uani, mmoja baada ya mwingine, akatupaka ukucha na ngozi inayouzunguka. Alifanya kazi safi. Kisha akatufundisha la kusema: tumechanjwa kwa shangazi. Mwalimu alitazama vidole, akatupita. Niliona fahari kama mtu aliyekwepa kiboko.

Basi nilikua bila chanjo na bila surua, na baba akalihesabu hilo kuwa ni muujiza wake. Muujiza wenyewe ulikuwa watoto wa majirani. Hao ndio waliodungwa, wakalia, wakavimba mikono, na surua ikakosa njia ya kunifikia. Mzee alijivunia ua lililopandwa na watu wengine.

Ua hilo nililiacha nilipoolewa Migori. Mume wangu Ouma anafanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu huko Osiri, na mimi nikapata kazi katika chekechea ya mabati karibu na mashimo. Watoto wetu wanatoka kila upande kwa sababu dhahabu inaita kila upande. Kwa kawaida shule huomba kijitabu cha kliniki chenye orodha ya chanjo kabla ya kuandikisha mtoto. Mwenye shule yetu alikuwa mtu wa roho nyororo. Mzazi akisema tu, "Sisi dini yetu hairuhusu," mwenye shule anatikisa kichwa kwa heshima na kuandika jina. Heshima hiyo ilikaa darasani kwangu, kwenye mkeka, ikipiga chafya.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Watoto walianza kukosa mmoja mmoja, nami nikadhani ni mafua ya msimu. Kisha macho yangu yakaanza kuwasha. Nikapata homa, nikakohoa kikohozi kikavu kilichonivuta tumbo mpaka nikawa nalishika kwa mikono miwili. Mwanga wa mlangoni ulinichoma. Vipele vilianzia nyuma ya masikio, vikashuka shingoni, na kabla sijaelewa vikawa vimefika miguuni.

Jirani yetu Mama Rispa, anayepika busaa, pombe ya kwetu, aliniangalia mara moja tu.

"Yawa! Hii ni ang'iew," alisema. Ndilo jina la surua kwetu. "Funga dirisha. Usioge. Na msimpeleke kwa sindano, Ouma, umenisikia? Sindano inairudisha ndani, inaenda kukaa kwa mtoto."

Hapo ndipo ujinga wa kwetu unapokuwa na utaratibu wake. Ang'iew lazima itoke yote nje, wanasema, na sindano huifungia mlango. Kwa hiyo nililazwa gizani, nikapakwa masimbi, yale machicha ya busaa, mwili mzima ili vipele viharakishe. Nilinuka kama sherehe. Nzi walinipenda sana.

Ouma alichanganyikiwa. Akampigia baba simu, akaiweka sauti juu ili nisikie.

"Sindano, la," baba alisema. "Huyo ni mtoto wangu, nina haki ya kusema. Nyinyi ombeni. Sisi huku tunafunga."

"Lakini Mzee, hata maji hayakai tumboni."

"Ouma, ulioa kwa nyumba ya Mungu."

Nilikuwa mwanamke mzima mwenye mume, kazi na mimba, na bado damu yangu ilikuwa mali ya mtu aliye kaunti nyingine. Nilitaka kucheka, nikakohoa. Nilipomaliza kukohoa nikagundua kwamba mtoto tumboni, ambaye kila asubuhi hunipiga teke nikiamka, alikuwa hajanipiga. Nikangoja. Nikajigeuza ubavu. Hakuna kitu. Nikamwambia Ouma alete pikipiki au nitatembea.

Aliileta. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Hospitalini Migori walinitoa haraka kwenye ile benchi na kuniweka peke yangu nyuma ya pazia, wasije wengine wakaambukizwa. Sista mmoja mnene, wa maneno machache, aliweka kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo langu na sikio lake upande wa pili. Alisikiliza hapa, akahamia pale. Sijawahi kutazama uso wa mtu vile. Nilikuwa tayari kumpa mali yangu yote atikise kichwa kuwa ndiyo.

"Yupo," alisema. "Amechoka tu kama wewe. Nani alikupaka pombe?"

Kuanzia hapo siku zangu zilikwenda kwa dawa, wala si kwa jina la siku. Kulikuwa na dawa ya asubuhi, chupa ya maji ya mshipani, matone ya macho, kile kidonge cha vitamini ambacho sista alisimama mpaka nikimeze, kisha kipembe. Kipembe ndicho kilichokuwa saa yangu. Kati ya kipembe na kipembe nilihofu. Mapafu yaliingia maji, nikawa nalala nimekaa. Sikio la kushoto lilitoa usaha, kisha likanyamaza, na halijawahi kurudi sawa. Ngozi ilibambuka kama maganda ya vitunguu, nywele zikatoka mkononi nilipojishika kichwa. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikamsalimu yule mwanamke.

Yapo mema madogo, na wewe yatafute. Sista alitundika leso yake dirishani ili mwanga usinichome. Mwanamke mmoja wa Ntimaru, aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake wodi ya pili, alikuwa akiniwekea uji wa wimbi mlangoni, anagonga, anaondoka. Hatukuwahi kuonana uso. Ouma aliongea nami kwa kusimama nje ya dirisha akinisomea makosa ya watoto kwenye madaftari yangu, na nilipocheka mbavu ziliuma. Kupona kulianza mahali kama hapo.

Mtoto hakungoja miezi yake itimie. Alitoka mapema, mvua ikipiga mabati ya wodi kwa nguvu hata sikusikia kama amelia. Ni sista aliyeniambia amelia. Msichana, mdogo kama kuku wa kienyeji, mwenye hasira. Kwa sababu ya mvua tukamwita Akoth. Wiki zilizofuata nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa leso juu yetu wote wawili. Nilikuwa na upara, kiziwi nusu, ngozi ya mabaka, na nilimwonea huruma mtu yeyote ambaye hakuwa mimi.

Tuliporuhusiwa, Ouma alitupeleka Rangwe ili mama anisaidie kulea. Baba alitupokea langoni kwa wimbo.

"Mmeona?" aliwaambia waumini waliokuja kusalimia. "Tulifunga, na hawa hapa."

Nilikuwa bado sina pumzi ya kutosha kwa ajili ya upumbavu.

Halafu siku moja asubuhi daktari wa mifugo akafika. Chanjo ya ng'ombe ilikuwa imeletwa, na baba alikuwa ameamka mapema kuwafunga. Nilikaa barazani nikimnyonyesha Akoth na kumtazama mzee wangu akimshika fahali pembe, akimbembeleza kwa jina, akimgeuzia daktari bega ili sindano iingie vizuri. Mmoja alitaka kutoroka. Baba alimkimbilia mpaka kwenye shamba la jirani.

"Huyu amebaki!" alipiga kelele. "Daktari, usiende, huyu bado!"

"Baba," nilimwita. "Damu ya ng'ombe ni ya nani?"

Akaenda kumshika mbwa. Mbwa naye alidungwa ya kichaa siku hiyo hiyo. Katika boma lile, wenye mkia wote walikuwa salama.

Ilikuwa kiangazi, Akoth akikaribia umri wa chanjo ya surua, ndipo mheshimiwa mbunge wetu alipokuja na mahema. Alikuwa na mswada. Kwa maelezo yake, mzazi, au mzee wa ukoo kwa niaba yake, angetia sahihi tu kwamba hataki, na mtoto wake asichanjwe, na bado shule yoyote ilazimike kumwandikisha. Nilitambua kitu hicho. Ni ile roho nyororo ya mwenye shule yetu, sasa inataka kuwa sheria. Alikuja na wageni kutoka Nairobi, vijana wa kamera, na soda. Watoto wake mwenyewe wanasoma Nairobi katika shule ambayo haikubali mtoto bila kijitabu cha kliniki, na ninaweka shingo yangu hapa kwamba wana chanjo zote, hata za magonjwa ambayo sisi hatujayasikia. Lakini kwetu alikuja na uhuru.

"Serikali haikuzaa mtoto wako!" alinguruma. "Nani alizaa?"

"Sisi!" watu wakajibu.

"Nani ana haki?"

"Sisi!"

Wanaume ndio waliojibu kwa sauti kubwa zaidi kuhusu kuzaa. Mimi nilikaa nyuma na Akoth mgongoni, kofia kichwani, nimeinua mkono mpaka bega likauma. Kipaza sauti kilinipita mara ngapi sijui. Kijana aliyekishika alikuwa na maagizo, wazee kwanza. Nilijua kwamba sahihi ya mzee mmoja wa ukoo, ikiwa sheria, ingetosha kumzuia mtoto wangu kwenye mlango wa zahanati na kumrudisha Mama Rispa na busaa yake.

Mzee wa kwanza kuitwa alikuwa baba. Alivaa kanzu yake nyeupe ya kanisa. Mheshimiwa alimshika bega kama kombe alilolishinda.

"Huyu ni shahidi. Mzee, watoto wako walichanjwa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Na wako wapi?"

"Wamekua. Wameoa, wameolewa. Wazima wote."

Makofi. Mmoja wa wageni, msichana mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Mzee, ulikuwa na watoto wangapi?"

Baba alitabasamu. "Kwetu watoto hawahesabiwi, mama. Ni mwiko. Ukihesabu, unaita kifo."

Watu wakacheka na kupiga makofi tena, kwa sababu ni kweli, hata mimi sikuhesabu watoto darasani kwa kidole. Msichana akaona aibu, akaandika kitu. Nami nikaona jinsi mwiko ule ulivyomfaa baba miaka yote. Asiyehesabu hawezi kuulizwa nani amepungua.

Mama alikuwa na wanawake wa kanisa, upande wa kulia, kitambaa cheupe kichwani. Alisimama. Hakuinua mkono wala hakungoja kipaza sauti. Alizungumza Kiswahili, ambacho yeye hukitumia sokoni tu, ili wageni wasihitaji mkalimani.

"Baba Apiyo," alisema.

Hema zima likageuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwita baba hivyo. Ni Baba Ochieng, tangu nizaliwe. Baba alishusha kipaza sauti.

"Mimi sihesabu," mama akasema. "Mimi nataja tu majina. Ochieng, alienda Kisumu. Apiyo. Adongo, yuko na bwana yake Oyugis. Akello, huyo ameketi nyuma na nyathi, mtoto yake. Wewe unasema wote ni wazima. Sasa wageni wametoka mbali. Ambia wao Apiyo iko wapi."

Kila Mluo pale alikuwa amemjua Adongo miaka yote, na kila mmoja alijua kwamba hakuna Adongo asiyetanguliwa na pacha mwenzake. Hawakuwahi kuuliza.

"Alikuwa anatembea," mama akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Alikuwa anaita kuku. Ang'iew ilishika wote wawili. Mimi nilifunga huyo mmoja mgongoni na huyo mwingine mbele niende hospitali, wewe ukasimama kwa mlango. Ukasema una haki. Apiyo alikufa akiwa mgongoni. Adongo alibaki na hiyo jicho. Si kuku. Kuku haikudonoa mtu."

Kisha akaketi, akarekebisha kitambaa. Wanawake wa kanisa walimsogelea, mmoja akamshika goti.

Mheshimiwa alisema pole sana mama, pole kabisa, na sasa twende kwenye jambo la pili. Soda zikagawanywa. Mswada wake bado wanauzungusha kutoka hema hadi hema, na huenda siku unaposoma haya utakuwa umefika kwenu ukiwa na mabango mazuri. Ukifika, msimuulize mheshimiwa habari ya haki, hiyo anaimba vizuri. Muulizeni mtoto wake amedungwa lini.

Mimi nililia pale nyuma, nikimlilia mtu ambaye jina langu lilikuwa likimtaja tangu siku ya kwanza. Adongo alipopigiwa simu jioni ile alisema, "Nilikuwa najua si kuku."

Kama uko kwenye benchi hiyo sasa, yangu ni machache. Usipakwe pombe. Kunywa maji hata yakirudi. Usimngoje mtu wa kukupa ruhusa, hasa yule aliyeponywa ngiri hospitalini. Sikio lisiporudi, utazoea kumgeuzia mtu upande mzuri, na wale usiotaka kuwasikia utawapa ule mwingine.

Kampeni ya chanjo ya surua ilifika uwanja wa shule ya msingi, shule ile ile. Mimi nilikuwa nimelala na homa ndogo ya kifua ambayo hunirudia hadi leo. Mama ndiye aliyembeba Akoth. Hakumwambia baba anakwenda wapi, na baba, aliyekuwa ameketi nje akisuka kamba ya ng'ombe, hakuuliza.

Waliporudi mama alimweka mtoto mapajani mwa baba na kuingia jikoni. Akoth alikuwa amelia mpaka akachoka. Baba aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaufungua vidole, akakitazama kile kidogo chenye wino. Halafu alilowesha kidole gumba chake kwa mate, akausugua ule weusi. Akasugua tena, polepole, kama mtu anayejua vizuri jinsi wino wa magunia unavyotoka.

"Hautoki, baba," nilimwambia kutoka mlangoni. "Huu ni wa kweli."

Hakuniangalia. Aliendelea kukishika kile kidole.